Sauti Ambayo Wattie Lumsden Hakuitoa

Pale Portcarrie, mji mdogo wa pwani ya Uskoti, mtu akianza kucheza gofu ukubwani, aibu zake za mwanzo humfikisha kwa Wattie Lumsden. Fimbo na glavu ziliuzwa dukani. Ushauri ulikuwa kwa Wattie, nao ulikuwa wa bure. Maisha yake yote ya kazi aliendesha gari la mikate katika vijiji vya pwani ile, na alipostaafu akahamia kiwanjani, kofia ya sufu imevutwa hadi kwenye nyusi na mfuko umejaa peremende za mnanaa. Kikombe hakuwahi kushinda hata kimoja. Lakini alijua jambo ambalo mabingwa wengi hawalijui, nalo ni kumsaidia mtu ambaye hatakuwa bingwa kamwe, ila angependa kurudi nyumbani akiwa na furaha.

"Usiupige kama unaua nyoka," alimwambia mwalimu mkuu wa shule. "Mpira haujakukosea kitu."

Mke wa daktari, ambaye mipira yake ilifia njiani kila mara, Wattie alimwambia, "Mama, chukua fimbo ndefu kuliko ile unayotaka watu waone umeishika. Hapo ndipo utafika."

Kwa walioangukia kwenye mashimo ya mchanga alikuwa na neno moja: toka. Toka hata kwa kurudi nyuma, bendera itakungoja. Na wanaokuja nyuma yako wakiwa wepesi, wapishe na uwaamkie. Hujapungukiwa na kitu.

Kila Jumamosi asubuhi alikusanya wanafunzi wapya, watu wazima wenye vitambi na magoti yanayolia, na somo la kwanza halikuhusu fimbo. Aliwapanga mstari, wakatazama bahari, akawaamuru wapige ukelele ule wa wacheza gofu: "Foo!"

"Kwa nguvu! Mmekula uji au hamkula? Mpira ukielekea kwa watu, sauti itangulie. Usingoje kuona utaanguka wapi. Na usione haya, bwana wee. Mwenye haya atamtoa mwenzake jicho."

Walicheka, wakapiga kelele, shakwe wakaruka. Hivyo ndivyo mji ulivyomjua Wattie.

Mwezi wa Septemba walikuja ndugu wawili kutoka Edinburgh, wakubwa wa ofisi, suruali zao zimenyooshwa pasi hadi zinakata. Waliomba wenyeji wa kucheza nao, wakapewa Wattie na rafiki yake Rab Coull, muuza samaki. Shimo la kwanza lilipokwisha, Wattie alikuwa ameshawarekebisha mabega. Lilipokwisha la tano walikuwa wanapiga vizuri kuliko walivyowahi kupiga. Walipofika la mwisho wakawa wanamwita "mwalimu", wala si kwa dhihaka, na neno lile lilimwingia Wattie kama wiski kwenye tumbo tupu.

"Haya mwalimu," alisema ndugu mkubwa. "Umesema sana. Hebu tuonyeshe."

Uwanja wa shimo la mwisho la Portcarrie unakatwa na njia ya miguu. Njia hiyo ina umri mkubwa kuliko klabu, na kila mtu wa mjini ana haki ya kuipita. Desturi ni kutazama kwanza. Wattie hakutazama. Alichukua fimbo kubwa, akajikunja, akaupiga mpira kama anaua nyoka, na nyoka mwenyewe akiwa na watoto. Mpira ulikwenda kushoto, chini chini, upepo ukiusukuma kwa nyuma.

Hapo ndipo akamwona Ishbel Tulloch njiani na mbwa wake, amewapa mgongo.

Wattie alijaza pumzi, kinywa kikafunguka. Wakati huohuo yule ndugu mdogo, aliyepigwa na jua machoni na hakuona mpira umeelekea wapi, akasema, "Nzuri sana!"

Neno hilo lilimzuia. Kupiga kelele kungekuwa kusema: hapana, si nzuri, ni mbaya, nami ndiye mwalimu. Akajiambia utaangukia kwenye nyasi ndefu. Hautafika. Alifunga kinywa, akaendelea kuutazama. Kisha Ishbel akapiga magoti polepole, kama mtu aliyekumbuka sala, akiushika mkono wake wa kulia kwa mkono wa kushoto.

Walimkimbilia. Mfupa wa juu ya kifundo cha mkono ulikuwa umevunjika. Walipokuwa wanangoja gari la wagonjwa, Rab, ambaye mpira ulipopigwa alikuwa ameinamia mkoba wake akitafuta kitambaa, alisema, "Sikukusikia ukipiga kelele, ndugu yangu. Upepo huu unameza kila kitu."

Wattie alimtazama. Akasema, "Ndiyo. Upepo."

Ishbel Tulloch alikuwa mjane, mpishi wa zamani wa shule. Nusu ya mji ilikuwa imekula kwa mkono ule uliovunjika. Jambo lililompendeza kuliko yote ni kuimba. Aliimba sauti ya pili katika kwaya ya mji tangu usichana wake. Wattie na mkewe Netta walikwenda kumwona na supu ya shayiri na biskuti. Njia nzima Wattie alikuwa akipanga maneno. Nitasema hivi, kisha nitasema vile. Lakini kabla hajakaa, Ishbel alimwahi.

"Usiniangalie hivyo, Wattie. Kosa ni langu. Rab ameniambia ulipiga kelele, mimi sikusikia. Masikio yamekwisha. Mama yangu alikuwa kiziwi kabisa alipofika umri huu wangu, na mimi ndiyo hivyo, zamu yangu."

Kilichotakiwa kilikuwa neno moja tu. Wattie aliitazama kofia yake, akaigeuza mikononi.

"Upepo ulikuwa mkali," akasema.

Baadaye, alipoyakumbuka yote, sentensi hiyo ndiyo iliyomchoma kuliko mpira wenyewe. Mpira ulimtoka. Sentensi aliichagua.

Kabla ya tamasha la Krismasi, Ishbel alijitoa kwenye kwaya. Kiongozi wao alimbembeleza sana. "Hujakosea hata mara moja!" alimwambia. Ishbel akajibu, "Mnanionea huruma tu. Asiyesikia sauti ya kwanza ataimbaje ya pili?" Akahama kiti chake kanisani, akakaa mbele kabisa, chini ya mimbari. Dukani Netta akaanza kumsemesha kwa sauti ya mnadani: "HABARI ZA LEO, ISHBEL! MKONO UNAENDELEAJE?" Na Wattie pembeni, ameshika kikapu.

Alitafuta njia ya kulipa bila kusema. Kila asubuhi alikwenda kumchukua mbwa, kijibwa cha manyoya machafu kiitwacho Tam, akamtembeza ufukweni kwa mvua na kwa barafu. Mji uliona, na kwa kuwa mji una macho lakini hauna akili, ulimsifu. Kwa muuza nyama wanawake walimtania mkewe: "Netta, mumeo huyo tukodishie, wetu hata paka hawamtembezi!" Walicheka, na Wattie alicheka nao, kicheko cha mtu anayekula nyama ya wizi mezani kwa mwenye kondoo.

Asubuhi moja ya baridi Ishbel alimkaribisha chai jikoni. Redio ilikuwa inanguruma hadi vikombe vinatetemeka.

"Jirani aligonga ukuta jana," Ishbel alisema. "Lakini nifanyeje? Viziwi ndivyo tulivyo."

Wattie aliona uso wa Ishbel umekunjana. Kelele ile ilikuwa inamwumiza. Ishbel aliisikia, tena vizuri sana, ila hakuyaamini tena masikio yake. Wattie alifungua kinywa. "Ishbel…"

"Ongeza sauti, Wattie."

Akasema, "Chai nzuri." Akanywa ikamwunguza ulimi, akaona afadhali iunguze.

Machi ilipofika, masomo ya Jumamosi yalianza upya. Kulikuwa na wanafunzi wapya sita au saba, mmoja wao fundi bomba mwanamke, mabega mapana, mcheshi sana. Wattie aliwafundisha kushika fimbo, akaliruka somo la kwanza, na hakuna aliyejua kuwa ameliruka. Mara akamwona Ishbel akija kwa njia ya miguu, hana mbwa, amevaa koti lake la kanisani. Bandeji ngumu ilikuwa imeshatolewa.

Alisimama mbele yao. Hakumwamkia mtu.

"Wattie, jana nilikwenda kupimwa masikio. Wameniweka kwenye kijumba, wakanivalisha vitu kichwani. Unajua wameniambiaje? Wamesema nina masikio ya msichana. Yule daktari kaniuliza nani amenidanganya kuwa mimi ni kiziwi."

"Vizuri, Ishbel. Nafurahi kwa…"

"Ngoja. Usiku kucha nimekaa nikiirudia siku ile. Nilisikia mawimbi. Nilimsikia Tam akinusa majani. Nikasikia fimbo yako, ta! Kisha nikasikia mtu akisema 'nzuri sana'. Upepo ulikuwa unatoka kwenu kuja kwangu, Wattie. Hauwezi kuleta 'nzuri sana' ukameza 'foo'. Sasa niambie mbele ya wanafunzi wako. Ulipiga kelele, hukupiga?"

Fundi bomba alitazama viatu vyake. Wattie alihisi damu ikimpanda shingoni, ikafika masikioni, na hakukuwa na mahali pa kuuweka uso.

"Sikupiga," alisema.

"Ulikuwa hujaniona?"

"Nilikuona."

"Basi kwa nini?"

"Niliona haya." Sauti yake ilikuwa ndogo hata yeye mwenyewe aliisikia kwa shida. "Walikuwa wananiita mwalimu. Mpira ulikuwa mbaya. Niliona haya, Ishbel."

Ishbel aliposema, hakupaza sauti, na wanafunzi walisema baadaye kuwa wangependelea angepaza.

"Mkono nilikusamehe zamani. Mkono ni bahati mbaya, wachezaji wanavunjana kila mwaka. Lakini masikio yangu, Wattie! Ulikaa jikoni kwangu ukaniacha niseme mimi ni kiziwi. Nikaacha kuimba. Nilikuwa nalala nikijisomea mazishi yangu. Na wewe unakunywa chai yangu, unasema nzuri." Alinyoosha mkono ule uliopona. "Nipe kamba ya Tam. Najua ipo mfukoni mwako."

Ilikuwapo. Akaitoa. Ishbel akaizungusha kiganjani, akaondoka kwa njia aliyojia, mgongo wima.

Baada ya muda fundi bomba alisema kwa upole, "Mzee, tuendelee, au?"

"Nendeni nyumbani," Wattie alisema. "Msishike fimbo kwa nguvu. Nendeni."

Alimwambia Netta mwenyewe, kabla mji haujamwambia. Netta aliweka chini kisu cha viazi. "Miezi yote hii mimi nampigia kelele yule mama dukani kama punda," alisema, "na wewe umesimama hapo na kikapu?" Alilia, si kwa ajili ya mumewe, bali kwa ajili ya Ishbel. Siku kadhaa mezani palikuwa na chakula na hapakuwa na maneno. Rab naye alikasirika kwa namna yake, alimwuliza jambo moja tu, "Kwa nini uliniacha niseme upepo?" akaondoka bila kungoja jibu.

Hakuna aliyemfukuza. Watu wa klabu walimwambia apumzike kidogo, wakampa Jumamosi zake yule mwalimu mkuu, ambaye sasa aliupiga mpira kwa utulivu wa ajabu. Wattie aliendelea kucheza, mara nyingi peke yake, asubuhi mapema kabla ya wengine. Wapo waliomsogelea bado, kwa kuwa mipira yao iliendelea kwenda kulia. Aliwajibu kwa kifupi, akiangalia chini, na akiona mtu anacheka kidogo alidhani anachekwa yeye. Mara nyingine ndivyo ilivyokuwa.

Pasaka kwaya iliimba kanisani, na Ishbel alikuwa amerudi. Wattie alikaa kiti cha mwisho karibu na mlango, nyuma ya nguzo. Hakuwa mtu wa muziki, lakini gari la mikate lilikuwa limempitisha mbele ya kanisa lile jioni nyingi za mazoezi, na sauti ya Ishbel aliijua. Ilianza chini ya nyingine, kama mtu anayeshika ngazi ili wenzake wapande. Alijaribu kufurahi. Alichokipata ni kuhesabu nyimbo ambazo Krismasi ile hazikuwa na sauti hiyo, na wimbo wa mwisho ulipoanza aliondoka, mlango ukalia, watu wakageuka.

Majira yalipobadilika tena, Wattie na Ishbel walikutana kwa muuza nyama, mvua ikimwagika. Hawakuwa wamesemezana tangu siku ile. Foleni nzima iliwatazama. Ishbel alilipia, akajaribu kuunyanyua mfuko wake wenye nyama na viazi vya sokoni, na mkono ule, ambao kwenye unyevu uliuma, ukakataa.

"Wattie," alisema bila kugeuka. "Nibebee."

Alibeba. Ishbel alitangulia na mwavuli, yeye akafuata nyuma bila mwavuli, kofia yake ya sufu ikinywa maji. Njia nzima aliyatafuta maneno, na safari hii aliyapata: kwamba hakuna siku anayoamka bila kufikiria alichomtendea. Walipofika mlangoni alianza, "Ishbel, mimi…"

"Najua," Ishbel alisema. "Weka hapo kwenye ngazi. Ndani usiingie, umelowa."

Aliuweka mfuko. Tam alitoa pua mlangoni, akamtambua, akatikisa mkia kwa nguvu zake zote. Ishbel alimvuta ndani kwa mguu, taratibu, akafunga mlango.

Wattie alisimama kidogo kwenye mvua. Kisha akateremka kilima kwenda nyumbani, ambako Netta alikuwa amemwachia supu jikoni, imefunikwa sahani.