Nyekundu Inatisha Wateja

Ofisini kwa wachora majengo walimwita Mtabiri, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kuliingiza jengo kwenye kompyuta kabla halijajengwa, aone jua litalifanya nini. Alikuwa dada mwenye sauti ya chini, na kila alipomaliza hesabu aliigusa skrini kwa mgongo wa kiganja, kama mama anayepima homa. Wodi ya watoto ya hospitali waliyokuwa wakiichora ilimtokea nyekundu tupu, rangi ya joto kali, maana madirisha yake mapana ya kioo yalitazama magharibi. Akamwomba bosi yapunguzwe.

“Nyekundu inatisha wateja, dada yangu,” bosi akacheka. “Weka bluu.”

“Rangi nitabadilisha. Na joto je?”

“Joto halionekani kwenye picha.”

Mwenye nguvu mpishe, akajisemea, akaweka bluu. Mteja akaipenda, wodi ikajengwa vilevile.

Mwaka huu mtoto wa mdogo wa Mtabiri akalazwa humo. Alasiri alimkuta mdogo wake amelowa jasho, akimpepea mwanawe kwa kipande cha boksi.

“Dada, hivi waliochora chumba hiki hawakujua jua linazama upande gani?”

“Walijua,” alisema, akampokea lile boksi, akapepea bila kumtazama usoni.