Jogoo wa Undu Bapa

Nilichinja majike saba kabla ya kuambiwa kwamba kasoro ilikuwa kwa jogoo.

Kiwanda cha pamba nilichokuwa nafanyia kazi kilikuwa kimepata mwenyewe mpya, na mwenyewe mpya hakutuhitaji. Nikarudi nyumbani Kirumba, juu kwenye mawe, nikaanza kufuga kuku. Miaka ile walitokea watu waliotajirika haraka kwa biashara ya samaki wa sangara. Wakajenga, wakazungushia ukuta, kisha wakataka kitu cha kupendeza cha kutembea ndani ya ukuta huo. Mimi niliwauzia jogoo.

Undu wa jogoo wa kawaida, ile nyama nyekundu ya kichwani, husimama kama meno ya msumeno. Wangu walikuwa na undu bapa, mpana, umelala juu ya kichwa na kujaa vipele vidogo, kama kofia iliyofumwa. Wateja waliupenda, na mimi nikataka banda zima liwe hivyo. Ukikaza macho, undu wa kifaranga huonekana tangu siku ya kwanza. Kila aliyetoka na undu wa kusimama nilimnyonga papo hapo. Jogoo nilimpandisha kwa binti zake, na mtoto wake kwa dada zake, mpaka nikampata mmoja ambaye sijaona mzuri kama yeye. Huyo ndiye aliyebaki kuwa baba wa banda.

Kazi ya kupima mayai ilikuwa ya mke wangu. Siku ya saba ya kulalia alijifungia stoo mchana, akaweka yai kwenye tundu la boksi na kumulika kwa tochi kutoka nyuma. Yai lenye kifaranga huonyesha mishipa myembamba, kama miguu ya buibui. Alitoka akasema hakuna mishipa, ni mwanga mtupu. Safari iliyofuata ikawa hivyo hivyo.

Nikaanza kuchinja. Jike aliyelalia wiki tatu bila kuangua alikwenda chunguni. Ndivyo kila mtu mtaani alivyofanya. Mama yangu, tuliyekuwa tunaishi naye, aliwanyonyoa pale uani huku akiongea kwa sauti ya kumfikia mke wangu jikoni.

"Nyumba hii hata kuku wamemwiga mwenye jiko."

Majirani walicheka. Na mimi nilicheka. Tulikuwa na miaka saba ya ndoa na hatukuwa na mtoto. Wanawake wenzake waliwaita waume zao baba fulani. Yeye hakuwa na jina la kuniitia, akaniita "wewe," lakini kwa upole, kama vile ni jina.

"Wewe," aliniambia baada ya jike wa saba, "mbona kisu hakimgusi jogoo?"

Nilimwita bwana mifugo, akaja na baiskeli kutoka Butimba siku ambayo mama alikuwa kanisani. Alimshika jogoo, akamgeuza, akauliza nilivyokuwa nachagua mbegu. Nilipomweleza, alitikisa kichwa.

"Mzee, umejimaliza mwenyewe. Huu undu unarithiwa. Jogoo aliyeupata upande mmoja, kwa baba tu au kwa mama tu, anazalisha vizuri. Huyu ameupata pande zote mbili. Wengi wa namna hii mbegu zao ni dhaifu, hazifiki kwenye yai. Anapanda, anawika, basi."

"Na majike?"

"Majike hawana neno. Hata wenye undu huohuo, wanazaa kama kawaida. Na wale vifaranga uliokuwa unawanyonga ndio wangekuokoa. Azima jogoo wa jirani uone."

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni. Tuliazima jogoo wa jirani, mchafu, undu umesimama na kuraruka. Baada ya wiki kadhaa aliniita stoo. Yai alilokuwa analimulika lilikuwa limejaa mishipa, na katikati kitu kilikuwa kinadunda.

"Angalia," alisema. Kisha, bila kuliondoa yai kwenye mwanga: "Twende hospitali, wewe. Wote wawili. Nimekwenda peke yangu mara tatu, wanasema niko sawa, wanataka na mwenzangu."

Nilisema tutaona.

Jioni ileile mama aliniuliza mbele ya mke wangu, "Kwani yule bwana mifugo ninayeambiwa alikuja, alisemaje juu ya kuku?"

Ningeweza kusema lile neno moja, jogoo. Nilijua mama angeacha kulitazama banda na kunitazama mimi. Mke wangu alikuwa anasonga ugali, mwiko ukasimama.

"Alisema majike wana ugonjwa," nilijibu.

Mwiko ukaendelea.

"Nilijua," mama alisema. "Basi, mgonjwa anaondolewa."

Jumamosi nilimsindikiza mke wangu kwao Magu. Kaka zake walimpokea, na wazee walipouliza sababu nilisema hazai. Alinitazama mara moja, akaingia ndani na sanduku lake. Yule jogoo wangu wa undu bapa nilibaki naye mpaka alipokufa kwa ugonjwa wa kideri. Hakuwahi kuacha kifaranga hata kimoja.

Nilioa tena. Mwanamke wa pili alikaa miaka minne akaondoka mwenyewe. Ndipo nikaenda hospitali, nikaambiwa nililokuwa nalijua tangu ile siku ya stoo.

Habari za kifo cha mke wangu wa kwanza nilizipata kwa mchuuzi wa mchele. Nikapanda basi kwenda Magu, nikakaa nyuma, kwenye majani. Watoto wake wanne walipangwa mbele kwa umri. Wote walikuwa na paji lake la uso. Mwinjilisti akasoma historia ya marehemu: alipozaliwa, alipobatizwa, alivyoolewa na huyu bwana aliyekaa hapa mbele, Mungu akawajalia watoto. Miaka yangu saba haikusomwa. Nilisubiri mpaka akaikunja karatasi.

Kwenye mstari wa kutupa udongo kaka yake mkubwa alinitambua. Alinisogelea sikioni.

"Shemeji, umekuja kuhesabu?"

Nilikuwa nimeshahesabu. Nilitupa udongo wangu, nikaondoka kabla ya chakula.