Nukta Iliyomezwa

Kazini walimwita Bi Kasoro, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kuijaribu programu ya hospitali kabla haijaanza kutumika. Safari hii mabadiliko mapya yalimtia hofu: mara mojamoja programu ilimeza nukta kwenye dozi za watoto, na mbili nukta tano ikasomeka ishirini na tano.

Akaripoti. Mtengenezaji wa programu akaifunga ripoti. "Kwangu inafanya kazi vizuri."

Akaifungua tena, akamwita aje ajionee. Nukta ikatulia mahali pake kana kwamba inamkomoa.

Akaenda kwa mkuu wa mabadiliko, mwenye kuidhinisha programu ianze kutumika. "Dada yangu, tarehe imeshatangazwa," mkuu akasema kwa upole. "Tutairekebisha katika toleo lijalo."

Akampigia mdogo wake, muuguzi wa wodi ya watoto katika hospitali hiyo. "Mdogo wangu, dozi usiiachie kompyuta. Hesabu mwenyewe."

"Dada, wodi imefurika na niko peke yangu. Nitajitahidi."

Simu ikakatika. Nyuma yake wenzake wakaanza kupiga makofi: programu ilikuwa hewani, imeanza kutumika hospitalini. Mkuu akamtazama, na Bi Kasoro naye akapiga makofi, machozi yakimlengalenga.