Ngazi Walizonijengea

Lori la tangawizi lilipopinduka kwenye kona za Vudee, nilikuwa nimekaa juu ya mzigo. Uti wa mgongo ukavunjika. Niliporudishwa kutoka hospitali, mjomba alinipandisha kwetu mgongoni, mimi mtu mzima mwenye ndevu, na njiani mkojo ukamlowesha shati. Aliendelea kupanda, ila waliotoka kanisani waliona. Niliapa hakuna mwanakijiji atakayeona tena mwili wangu unavyohangaika. Nikajifungia ndani, hadi dada yangu aliponichukua nikaishi naye Same mjini.

Mjini ni tambarare. Mwalimu mmoja wa michezo aliniona nikisukuma kiti mwendo kwa hasira, akaniuliza kwa nini hasira ile nisiipeleke barabarani. Akanitafutia kiti cha mashindano, cha matairi matatu. Mabega yakajaa, nikashinda mkoani, nikashinda taifa, nikachaguliwa kwenda kushindana nje ya nchi. Watu walipopiga makofi, mimi nilitazama kwanza kama suruali imelowa.

Kabla ya safari mama aliniita nikaage. Nilitoa visingizio. Ndipo akaniambia kijiji kimefanya msaragambo kwa ajili yangu: kila nyumba imetoa mtu na jembe, na njia ya kutoka barabarani hadi kwetu imetengenezwa. Ningekataaje?

Nilikuta watu wamejipanga, kwaya ya kanisa mbele, wamevaa nguo za Jumapili. Mbele yangu zilipanda ngazi za mawe, zimepangwa vizuri ajabu, mpaka mlangoni kwa mama. Kwetu milimani njia nzuri ni ngazi. Nani aliwahi kufikiria tairi? Mzee aliyesimamia kazi alinyoosha mkono kunionyesha, akatazama kiti changu, akaushusha taratibu.

Niliona haya kwa ajili yao, na zangu zikazidi. Shikamoo niliyowapa ilitoka kama ya mtoto aliyefumaniwa na sukari mdomoni. Mjomba, sasa mvi tupu, akachuchumaa mbele yangu.

"Panda, mpwa wangu. Bado hujanishinda uzito."

Nilitamani kurudi garini. Lakini mawe yale walikuwa wameyabeba vichwani kutoka mtoni. Nikamshukuru mjomba, nikajishusha kutoka kwenye kiti, nikakaa ngazi ya kwanza, nikaupa mlima kisogo na kujinyanyua kwa mikono. Miguu ikaburuzika ikinifuata. Ngazi ya pili, ya tatu, na suruali ikapanda, na mfuko wa mkojo niliokuwa nikiufunga mguuni ukatokeza mbele ya kwaya nzima. Aibu ya maiti aijuaye mwosha. Yangu sasa iliangaliwa na kijiji kizima. Machozi yakanitoka. Mama akavua kanga ya begani, akaja mbio kunifunika.

"Acha, mama," nikamwambia. "Wameshaona."

Nikapeleka mikono kwenye ngazi iliyofuata.