Gogo Tulilolirudisha Kwenye Kalavati

Mimi ndiye niliyeomba gogo lirudishwe. Sentensi hii nimeiandika na kuifuta mara nyingi, nikitafuta namna ya kuanza ambayo isingenionyesha mjinga. Sijaipata.

Nilikuwa nampiga diwani wetu video. Kuhariri nilijifunza mwenyewe kwa simu, nikikaa kwenye ukuta wa shule ya msingi ambako mtandao ulikuwa unashika. Kwa kuwa hakuna aliyenifundisha, niliishi na hofu kwamba siku moja mtu anayejua kweli ataona kazi yangu na kucheka. Basi nilirudia kila kitu. Video ya nusu dakika ningeweza kuishughulikia siku nzima. Diwani alilipenda hilo. Watu wa Lushoto mjini, na hata wa Soni, walianza kumtambua kwa video zangu, na mimi akaniita "mtaalamu". Neno hilo lilinilewesha.

Siku ile kulikuwa na msaragambo. Kila nyumba ilitoa mtu mmoja na jembe kwenda kuzibua kalavati la barabara yetu, upande wa Mlola. Gogo la mkaratusi lilikuwa limekwama mdomoni mwa kalavati, limezuia mawe na matope. Hatua chache chini ya barabara palikuwa na nyumba ya udongo ya bibi mmoja mjane. Mvua ingekuta kalavati limeziba, maji yangevuka barabara na kuangukia ukuta wake wa nyuma. Kila mtu alijua hivyo. Bibi alikuwa amesimama mlangoni tangu asubuhi, akitazama mawingu yanavyoshuka kutoka msituni.

Diwani alipofika, gogo lilikuwa limeshatolewa.

"Shikamoo, mheshimiwa," watu wakasema.

"Marahaba. Mmemaliza bila mimi?"

"Bado matope tu, nusu saa," akajibu mwenyekiti wa kijiji. "Na ile barua yetu ya kuomba kalavati kubwa, kikao cha halmashauri kimesemaje?"

"Tutaongea, mwenyekiti. Turekodi kwanza, mwanga unaondoka." Akanigeukia. "Mtaalamu, tunafanyaje?"

Hakuniamuru. Aliniuliza tu. Nikasema, "Gogo lirudi, mheshimiwa, ili uonekane ukilitoa."

"Binti," akasema mama mmoja, "hilo gogo limetutoa jasho tangu saa moja."

Lakini wakalirudisha, kwa sababu mheshimiwa alikuwa amesimama pale. Diwani akavuta kamba, likatoka. Mtu akakatiza mbele ya kamera. Tukarudia. Safari hii buti zake zilikuwa safi mno, akainama kuzipaka matope.

"Chukua tu, mheshimiwa," akasema mwanamume mwenye mtaimbo. "Matope hayana foleni."

Watu wakacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu kwenye kioo cha simu gogo lilikuwa linatoka kirahisi, na diwani alionekana kama anavuta mbuzi. Nikasema maneno ambayo hadi leo yananiamsha: "Ligongeeni lishike kabisa."

Wakaligonga kwa kisogo cha shoka. Lilikuwa bado linagongwa mvua iliposhuka.

Diwani akavuta, kamba ikakatika. Wanaume wakaingiza mtaimbo, gogo halikusogea. Maji yakajaa nyuma ya kalavati, yakapanda, yakavuka barabara. Tukakimbilia kwa bibi. Tulitoa godoro, sufuria, gunia la mahindi ya mbegu. Yeye mwenyewe tulimtoa akiwa anakataa. Kisha ukuta wa nyuma ukalala chini, taratibu, kama mtu aliyechoka.

"Ile ya kwanza inatosha," diwani akaniambia akiingia kwenye gari. "Irushe."

Nikairusha. Nilimkata yule mtu aliyekatiza, nikaongeza rangi ya matope kwenye buti, nikaandika "Tupo kazini na wananchi". Watu wakasifu. Nilisoma kila sifa.

Siku mbili baadaye mkutano wa kijiji uliitishwa. Diwani akaeleza kwamba mvua ilituwahi. Wote waliokuwepo kwenye kalavati wakainamisha vichwa. Bibi akaomba nafasi.

"Gogo nililiona likitoka, kwa macho yangu haya. Naomba kujua, lilirudije?"

Mwenyekiti akamtazama diwani. Diwani akatazama simu yake. Nikainuka.

"Shikamooni. Ni mimi niliyesema lirudi. Na ni mimi niliyesema ligongwe."

"Kaa chini, binti," diwani akasema.

"Mwache," akasema bibi. "Yeye amejibu. Sasa wewe, mheshimiwa: barua yetu ilifika kikaoni?"

Diwani akaweka simu mfukoni. Hatimaye akasema barua bado anayo, iko garini. Mwenyekiti akamwomba aende kuileta. Akaenda, akarudi nayo ikiwa bado kwenye bahasha, na mbele yetu ikakubaliwa kwamba yeye na mwenyekiti wataipeleka pamoja kesho yake. Diwani hakunitafuta tena.

Kesho hiyo mimi nilikuwa kwa bibi na majirani, tunakandika ukuta mpya. Nilipewa kipande kidogo karibu na kona. Nikakilainisha kwa kiganja, nikaona alama ya kidole, nikakilainisha tena, huku upande wa pili fito zikiwa bado wazi na ukungu ukianza kuingia kati yake.

"Mwanangu," bibi akasema nyuma yangu, "ziba kwanza."

Nikachota udongo.