Wari Mbili za Bafta

Mimi nilikuwa na mbio. Siku hizi nalisema bila haya, maana waliokuwa wakinikanya wameshatangulia mbele ya haki, na magoti yangu yenyewe hayana tena cha kuficha. Lakini nyumbani kwetu Wete halikusemwa. Mtoto wa kike alisifiwa kwa utulivu, kwa mkono mwepesi wa kushona, kwa sauti nzuri ya kusoma Kurani. Mbio walikuwa nazo mbuzi na watoto wa kiume.

Nyumba yetu ilikuwa ya watu wawili, mama na mimi. Baba alikuwa na mke mwengine huko shamba, na kwetu alikuja kama mgeni: hodi, chakula, kwaheri. Mama alishona kofia. Alikaa ukumbini na kitambaa cha bafta mapajani, akitoboa vitobo vidogo na kuvizungushia uzi, na siku nzima ingeweza kupita hatujasemezana maneno ishirini. Si kwamba hakunipenda. Alikuwa mtu wa maneno machache, na mwaka ule yalipungua zaidi, maana ndiyo ile miaka ya mwisho ya Muingereza, watu wameshaanza kususiana kwa ajili ya vyama. Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, aliyekuwa akinisuka nywele na kunipa vileja, alikuwa chama kingine. Basi hata chumvi haikuombwa tena. Mlango wa uani uliotupeleka kwake ukatiwa komeo. Wakubwa walikuwa na ugomvi wao wa kuwashughulisha. Mimi sikuwa na kitu.

Skuli ndiko nilikopumua. Mwalimu wetu mmoja, mwanamke wa Unguja, alikuwa akitutoa darasani mara moja kwa wiki na kutupeleka uwanja wa nyuma, uliozungushiwa makuti tabaka mbili ili mwanamme apitaye njiani asione kitu. Tulikimbia na magauni yetu ya skuli, suruali kwa chini, ushungi tumeufunga nyuma ya shingo. Filimbi ikilia, mimi nawaacha. Sijui nieleze vipi. Pale tu ndipo nilipokuwa sina haja ya mtu. Siku moja mwalimu alinishika bega, akasema kwa matamshi yake yale ya mjini yaliyotuchekesha, "Wewe mtoto una mbio wewe! Mashindano yakifika usije ukakosa."

Mashindano yalikuwa mara moja kwa mwaka, na akina mama walialikwa, wakija na mikeka yao na watoto wao wachanga. Niliyataka kuliko nilivyowahi kutaka nguo ya Idi. Nikaanza kuamka mapema na kwenda kukimbia peke yangu kwenye mikarafuu, kabla ya skuli, nikimwambia mama nakwenda kuokota kuni. Kuni niliokota pia, nisije nikawa muongo kamili.

Sasa, wanawake wa kwetu walikuwa na neno lao la kumtisha mtoto wa kike: ukikimbia ovyo utachanika. Utachanika wapi, hawakusema. Asubuhi moja nimetoka mikarafuuni, nimetua mzigo wangu, naingia chooni kuoga, nikaona damu. Sikuwa na shaka hata kidogo. Nikajua nimechanika.

Anayesoma leo atanicheka, na acheke. Lakini kwetu mtoto hakuambiwa jambo mpaka limfike, na mama mzazi siye aliyekuwa wa kumwambia. Ilikuwa aibu kubwa mama kulitamka jambo lile mbele ya mwanawe wa kumzaa. Kila msichana alichaguliwa mapema mwanamke wa kumfunda, somo wake, na huyo ndiye aliyefungua mdomo, wala si mwengine. Somo wangu alikuwa ameolewa Kengeja, kusini kabisa mwa kisiwa. Nilikuwa najua kwamba wasichana wakifika mahali hutiwa ndani, wakaacha skuli, wakaitwa mwali. Nilidhani ni umri tu, kama kung'oka meno. Kwamba kuna damu ndani yake, hakuna aliyenambia.

Nikaificha. Nguo za nyumba ile mama alizijua moja moja, na bafta yake ndiyo kabisa, hata kipande cha kukatia pembe alijua kimebaki wapi. Nikachana kitambaa cha ndani cha mto wangu. Nikawa nafua alfajiri, na sikuthubutu kuanika nje, kwa hiyo nilivitandaza vile vitambaa chini ya godoro, pasipo jua wala upepo. Nilivivaa vingali na unyevu. Ngozi ikachubuka, ikafanya vidonda, nikawa natembea kama bata, na skuli wenzangu wakiniuliza kama nimekaliwa na siafu. Nilicheka nao. Nilikuwa nataka kulia kila saa ya siku.

Baada ya siku tano damu ikakatika. Nikamshukuru Mungu, kidonda kimefunga. Nikarudi kukimbia, na mwezi haujesha ikaja tena. Kidonda kimefunguka. Nikaacha mbio, ikakatika, nikarudi, ikaja. Hebu niambie, nani asingeamini?

Mara nyingi nilikwenda kukaa karibu na mama ukumbini, nimeshika uzi kama ninayetaka kumsaidia.

"Mama."

"Naam."

"Hakuna kitu."

Naye aliinua macho kidogo, akanitazama, akarudi kwenye kitobo chake. Zamani ningekimbilia kwa jirani. Sasa nilipita mbele ya ule mlango wa uani, nikaligusa komeo, nikaenda zangu. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu na nilikuwa nimekubali kwamba nitakufa. Kilichoniuma zaidi ni kufa sijakimbia siku ya mashindano.

Hapo ndipo roho yangu mbaya iliponisaidia. Nikasema, kama nimeshachanika nimeshachanika. Maji yakimwagika hayazoleki. Mwalimu alitutuma tukawaambie mama zetu waje. Mimi sikumwambia wangu. Niliogopa atanikataza, na kukatazwa ndiko nisikokuweza.

Asubuhi ya mashindano damu ilikuja. Nilijifunga vizuri nilivyoweza, nikaenda. Kulikuwa na mbio za mayai juu ya vijiko, na za magunia, akina mama wakicheka mpaka machozi. Kisha zikaja zetu, kuuzunguka uwanja mara mbili. Mzunguko wa kwanza vidonda vilinichoma hadi nikauma ushungi. Mzunguko wa pili sikusikia kitu. Nilipofika mwisho nikageuka nyuma kutazama wenzangu wako wapi, nikawaona wote wanakuja.

Vigelegele vililia, na kina mama wakaulizana, "Wa nani yuno? Ntoto wa nani?" Jirani yetu alikuwa amekaa mkeka wa mbele. Nilimwona ameshafungua mdomo na mkono umefika usoni kunipigia kigelegele, kisha akatazama wenziwe wa chama pembeni, akaushusha mkono. Hakuwajibu mimi wa nani. Basi nikasimama pale katikati ya uwanja, mshindi asiye na mtu wake.

Zawadi yangu ilikuwa wari mbili, yaani yadi mbili, za bafta nyeupe. Mwalimu alinipa kwa mikono miwili. Bafta kwetu ni ya kofia, na ni ya sanda pia. Niliipokea nikafikiri, sawa, wameshanikatia.

Niliificha chini ya kikapu cha nguo, na mwezi uliofuata nikaichana, kwa kuwa kitambaa cha mto kilikuwa kimekwisha. Ilikuwa laini. Niliona uchungu kuichana, lakini nilikuwa sina njia.

Mama aligundua siku alipolitoa godoro kulianika juani. Nilirudi skuli nikalikuta limeegemezwa ukutani, na yeye amekaa ukumbini, hana kofia mkononi, ana vile vitambaa mapajani. Nilingoja kofi. Halikuja. Alinitazama muda mrefu, akafungua mdomo, akaufunga, akainuka kwenda jikoni. Kesho yake alinizuia skuli, akanizuia kuteka maji, akanipa kipande kikubwa cha samaki kile alichokuwa akimwekea baba. Alinitandikia kitanda mwenyewe. Siku nne nzima hakusema lolote juu ya jambo lile, nami nikajua ndivyo wanavyofanyiwa wanaokufa. Tulikaa hivyo, yeye na lake, mimi na langu, ukumbi mmoja. Siku zile nne zilikuwa za upweke kuliko miezi yote iliyotangulia.

Kumbe alikuwa amempa salamu dereva wa gari la abiria azifikishe Kengeja. Siku ya tano somo wangu akaingia na kikapu chake cha muhogo na ndizi, wakanong'ona uani, kisha akaingia chumbani kwangu na kufunga mlango. Mama alibaki nje.

"Kaa hapa, mwanangu. Tangu lini?"

"Mwezi wa tano huu. Nimechanika, somo."

"Umechanika n'ni?"

"Kwa mbio."

Alicheka mpaka kanga ikamtoka kichwani. Halafu akaniona uso, kicheko kikamkauka. "Maskini ntoto. Miezi yote hiyo peke yako?"

Nikalia, na yeye akaniacha nilie. Kisha akanambia kila kitu, taratibu, kama anayemfundisha mtu kupika. Kwamba nimevunja ungo, kwamba humjia kila mwanamke, amekaa au amekimbia. Akanitazama vidonda, akanikanda kwa maji ya moto, akanipaka mafuta ya nazi. Akanionyesha kuanika vitambaa juani, chini ya kanga, mtu asivione na jua likavifika. Nilimuuliza juu ya sala nilizosali hali niko vile, na msahafu niliougusa.

"Asojua haandikiwi," akasema. "Sasa wajua."

Nikajisogeza karibu naye kwa furaha. "Kwa hivyo si mbio?"

"Si mbio, mwanangu. Hata kiwete humjia."

"Basi naweza kukimbia!"

Alichukua mkono wangu akauweka juu ya goti lake.

"La," akasema. "Sasa ndo huwezi tena. Umeshakuwa mwali, watiwa ndani."

Miezi yote ile nilidhani mbio ndizo zilizoniletea damu, na kumbe damu ndiyo iliyokuja kuzichukua mbio. Nilikasirika. Nilikasirika vibaya sana, na mpaka leo sijui nimkasirikie nani. Mwalimu alikuja nyumbani mara mbili kuniombea. Mama alimkaribisha kahawa, akamwambia hapana kwa adabu, akamsindikiza mpaka mlangoni. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, nikisikia viatu vyake vikienda.

Somo alipomaliza kunifunda akarudi kwao Kengeja. Siku ile ile mama aliingia chumbani kwangu na furushi dogo. Ilikuwa bafta yangu. Alikuwa ameifua, akaikata vipande sawasawa, akavipinda pembe zote kwa ile mishono midogo anayoitunza kwa kofia za maharusi. Aliviweka mbele yangu, akakaa ukingoni mwa kitanda. Sasa alikuwa na ruhusa ya kusema.

"Bafta nzuri hii," akasema. "Umeipata wapi?"

"Skuli. Nilitoka wa mwanzo."

"Kwa kusoma?"

"Kwa mbio."

Alikigeuza kipande kimoja, akaukagua mshono ambao haukuwa na kasoro yoyote.

"Hakukuwa na wanaume?"

"Hakukuwa, mama. Kulizungushiwa makuti. Walikuwapo mama za watoto tu."

Mama aliung'ata uzi uliobaki pembeni, akautema.

"Mama za watoto," akasema. "Na miye n'nani?"

Nilikuwa nimeogopa kukatazwa tu. Haikunipitia akilini hata siku moja kwamba angetaka kuja.