Blanketi la Mayai

Mama mmoja aliyevaa sweta juu ya kitenge alikuwa kwenye kompyuta ya pili kutoka mlangoni, katika duka la intaneti hapa Njombe, nami nilikuwa nyuma yake. Alikuwa amejitengenezea kitotoleshi cha boksi na balbu, akakifunika kwa blanketi, na mayai yalikuwa katika siku ya kumi na nane. Aliomba ushauri kwenye ukurasa wa wafugaji. Jibu likaja: "Toa blanketi haraka, mayai yatapikika."

Akaanza kufunga mkoba ili awahi nyumbani. Mfanyabiashara wa Makambako aliyeketi jirani, mwenye barghashia, akamuuliza, "Aliyekujibu yuko wapi?"

"Dar es Salaam."

"Dar wanalala na feni, mama. Wewe unalala na mablanketi mangapi?"

"Matatu."

"Na hao watoto unataka kuwavua hilo moja?"

Mama akacheka, akaketi tena, akaandika kwa kidole kimoja: "Asante, kaka. Mimi niko Njombe na huu ni mwezi wa Julai. Blanketi nimeliacha."

Wiki iliyofuata nilimkuta akiwaandikia wenzake vipimo vya boksi lake. Vifaranga walikuwa wametoka. Mstari wa kwanza ulisema: "Huu ni ushauri wa mahali penye baridi."

Tangu nifiwe na mke wangu nimeshauriwa mengi na watu wema, hasa kwamba nizitoe haraka nguo zake nyumbani. Sasa huwa nauliza kwanza kama huko aliko mshauri kuna baridi. Sweta ya mke wangu bado inaning'inia nyuma ya mlango, na haijamzuia mtu kupita.